Madereva wasisome ramani gari likitembea

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie matumizi ya ramani za simu kwa madereva, hasa wa teksi za mtandaoni hapa Dar es Salaam. Ramani hizi zinasaidia sana, na sidai ziachwe. Hatari ni simu inayowekwa pajani.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akiinamia simu kwa sekunde tatu tu, ameshapita zaidi ya mita 40 bila kuona mbele, tena katika mitaa yenye wanafunzi, bodaboda na mikokoteni. Mara nyingi anahangaika hivyo kwa sababu abiria amemwelekeza kwa jina la duka, ilhali tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao. Tuzitumie!

Nashauri kampuni za teksi zisimsajili dereva ambaye gari lake halina kishikio cha simu mbele, na askari wa usalama barabarani wakikague. Dereva aweke safari kabla ya kuondoka, kisha afuate sauti. Akipotea, aegeshe pembeni kwanza.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam