Fundi asiifute sehemu ya urejeshaji bila kuuliza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wenye kompyuta mpakato, hasa za mtumba, kuhusu sehemu ya diski ambayo wengi hawaijui. Mwezi uliopita fundi aliifuta diski yote ya kompyuta ya binti yangu ili aweke Windows upya, na pamoja na virusi akaifuta sehemu ndogo ya urejeshaji iliyowekwa kiwandani, yenye mafaili ya kuirudisha Windows inapoharibika; tangu siku hiyo spika hazitoi sauti, kwa kuwa programu zake zilikuwa humo.

Sehemu hiyo haina herufi kama C au D, ndiyo maana haionekani unapofungua mafaili. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha ukafungua Disk Management, utaiona kama kisanduku kilichoandikwa Recovery. Na ukiandika reagentc /info katika dirisha la amri (Command Prompt) lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, utaelezwa kama urejeshaji umewashwa na uko sehemu ya ngapi ya diski.

Kuandaa flashi ya urejeshaji, itakayokusaidia sehemu hiyo ikifutwa, ni kazi ya jioni moja. Tafuta flashi ya gigabaiti 32 isiyo na kitu cha thamani, kwa maana itafutwa yote, andika Recovery Drive mahali pa kutafutia, na usiondoe tiki inayoruhusu mafaili ya mfumo yanakiliwe. Picha na nyaraka zako haziingii humo, zihifadhi kando.

Nawasihi mafundi wetu wamwulize mteja kabla ya kufuta chochote.

Mzazi,
Morogoro