Kijana wa Gasi si raia wa Msumbiji

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu kiwanda cha Ramisi kikisaga miwa, na kiwanda kile kilikufa mwaka 1988. Miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo naandika kwa sababu ya ile habari yenu ya mwezi jana, ya vijana watatu walioshikwa na pikipiki ya wizi karibu na kijiji cha Gasi. Wawili mliwaita "wakazi wa Kwale". Wa tatu mkamwita "raia wa Msumbiji".

Huyo wa tatu ni Mmakonde kama mimi, amezaliwa hospitali ya Msambweni hapa Kwale, na mama yake vilevile. Kireno hajui hata salamu. Anasema Kidigo na Kiswahili, na Kimakonde chake ni cha kuombea maji. Aliyetoka Mueda, kule Msumbiji, ni babu yake, aliyekuja kukata mkonge enzi za mkoloni, akaoa hapa, akazikwa hapa. Kama kijana ameiba, afungwe. Mwenye pikipiki ile namjua, ana watoto wanaokula kwayo. Lakini aibu hii ni ya Kwale nzima, wala haifai kusukumwa ng'ambo ya mto Ruvuma. Wizi alijifunzia hapa, pamoja na hao wawili mliowaita wakazi.

Barack Obama alizaliwa Honolulu, akalelewa na mama Mmarekani na wazazi wa mama huyo. Aliposhinda urais, tarehe 6 Novemba 2008 ilitangazwa sikukuu Kenya nzima, nanyi mkamwandika kuwa mwana wetu. Nilifurahi kama wengine. Basi ikiwa baba mmoja Mkenya, wa Kogelo, anatosha kumfanya mzaliwa wa Hawaii awe wetu, mbona vizazi viwili vya kuzaliwa Msambweni havitoshi?

Na haya hayaishii gazetini. Mpwa wangu alishikwa ufuoni Diani pamoja na rafiki yake Mdigo kwa simu ya mtalii. Simu ilikutwa kwa mpwa wangu, sikatai, na nyumbani hatukumtetea. Pale kituoni askari alimwuliza, "Wewe wa wapi?" Akajibu, Makongeni. "Nakuuliza wa wapi hasa?" Akarudia Makongeni. Askari akatazama jina la ukoo, akaandika Msumbiji kwenye kitabu. Kesho yake kortini kiongozi wa mashtaka akasimama na kusema mshtakiwa huyu ni mgeni, akipewa dhamana atatoroka nchi. Rafiki yake, kwa kosa lile lile, simu ile ile, alikwenda nyumbani jioni hiyo. Wetu akarudishwa rumande, akakaa huko mpaka tulipopeleka cheti chake cha kuzaliwa, kipande, yaani kitambulisho, cha mama yake na barua ya chifu. Kijana ambaye hajapita mpaka wa Lungalunga tangu azaliwe! Angetorokea kwa nani? Mama yake alikuwa akilia barabarani, si kwa sababu ya wizi, bali kwa sababu kipande kile kile alichokipata kwa miguu yake hakikumsaidia mwanawe siku aliyokihitaji. Ndiyo, kwa miguu. Yeye ni mmoja wa Wamakonde walioondoka Kwale Oktoba 2016 kwenda Ikulu Nairobi kudai vitambulisho, wakazuiwa njiani na bado wakafika. Rais Kenyatta akaagiza tuandikishwe kufikia Desemba, na Februari 2017 tukatajwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Nyinyi wenyewe mlichapisha picha zetu.

Hiyo barua ya chifu nayo haikutoka hivi hivi. Alitaka kwanza wazee wawili waje kuapa kwamba wanatujua. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kule Wajir kwamba kuwapiga msasa Wasomali na jamii nyingine za mpakani kabla ya kupewa vitambulisho kumekwisha. Wanubi wa Kibra wamelia na msasa huo huo tangu enzi za babu zao. Ofisi nyingi bado zinafanya kana kwamba tangazo halijafika.

Mkidhani neno moja gazetini halidhuru, kumbukeni Southport, Uingereza. Tarehe 29 Julai 2024 kijana wa miaka 17 aliwaua wasichana watatu kwa kisu. Alizaliwa Cardiff, wazazi wake wametoka Rwanda. Ukaenea uvumi kwamba ni mkimbizi aliyeingia kwa mashua, na kesho yake umati ukaushambulia msikiti wa mji ule, ambao haukuhusika kwa lolote. Mpaka leo nawasikia watu hapa Ukunda wakisema "yule Mnyarwanda". Kigali haikumlea.

Ninachotaka ni hiki. Mwandishi wenu asiandike uraia wa mshukiwa mpaka aone kitambulisho, cheti cha kuzaliwa au pasipoti. Asipoviona, aandike kijiji anachokaa na shule ya msingi aliyosoma, basi. Na habari ile irekebishwe, ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, kabla ya mwisho wa mwezi. Kesi ya kijana inatajwa tena wakati huo, ombi lake la dhamana litasikilizwa, na sitaki mtu asimame kortini na gazeti lako mkononi.

Msomaji wako,
Makongeni, Kwale