Barua kwa mwanangu: ubao wako wa kwanza wa mawimbi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Unguja, Jambiani, hatujambo, mama yako anakusalimu na anauliza kama kile kikohozi kimekwisha. Picha za ubao ulizonitumia zimefika. Nimezitazama kwa miwani na bila miwani, na jibu langu ni kwamba usiununue.

Ni mzuri, sikatai. Omo, yaani ncha ya mbele, imechongoka, mbavu zimelainishwa, aliyeuchonga anaijua kazi. Lakini ni wa futi 6, na unene wake hauzidi inchi mbili na nusu. Ubao wa namna hiyo una ujazo wa lita 28 au 30, nawe una kilo 60 na ushei (usinune, ni baba yako anayesema). Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ubao wa lita 30 unasukuma maji ya kilo 30, kisha utoe uzito wa ubao wenyewe. Uzito wako uliobaki ubao hauubebi. Utalala juu yake umezama nusu, utapiga maji mpaka mabega yawake moto, na wimbi litakupita. Ukibahatika kulidaka, utasimama juu ya kitu chembamba kinachoyumba huku na huku, sawa na mtu aliyepanda ngalawa iliyong'olewa matengo, zile mbao za pembeni.

Najua utaniambia mabingwa wote wanapanda mbao fupi. Wanapanda, ndiyo, nao wako majini kila siku ya Mungu. Wewe unakuja likizo, sikukuu ya Idi, na zile wikendi usizopangiwa zamu kazini. Hapo katikati mwili unasahau. Ukirudi, nusu ya siku ya kwanza ni kujikumbusha namna ya kuinuka tu. Mnunulie ubao mtu huyo wa likizo uliye sasa, yule utakayekuwa baada ya miaka mitatu atajinunulia wake. Na hata hao wa Hawaii waliocheza mchezo huu tangu kale, mbao zao nyingi za zamani zilikuwa ndefu, za mti mtupu, hazina hata pezi. Pezi alilifunga Mmarekani mmoja, Tom Blake, mwaka 1935, na hizi fupi zilikuja kushika soko mwishoni mwa miaka ya 1960. Mimi fundi wa vyombo vya bahari nashangaa ilichukua muda wote huo mtu kuona kwamba chombo kinataka kitu tezini, yaani nyuma, cha kukizuia kisiende mshazari.

Tafuta wa futi 8, upana usipungue inchi 22, unene inchi 3 au zaidi, na lita zake zikaribie 70. Na uwe ule wenye ngozi laini juu, wa povu, wala usione haya kwamba ni wa wanafunzi. Ubao mgumu ukikuponyoka humrudia mwenyewe, na mara nyingi unakuja na omo mbele. Juzijuzi nimemwona kijana wa watu ametoka majini na nyusi imepasuka. Huo wa povu nao unauma, lakini huondoki na mshono. Mapezi yake pia yawe ya plastiki laini.

Halafu fikiria bahari yetu ilivyo. Wimbi lenyewe linavunjikia mwambani, kilomita na ushei kutoka ufukweni, na huko sitaki kukusikia kwa sasa. Chako wewe ni povu la wimbi lililokwisha kuvunjika, linalovuka mwamba maji yakijaa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri, na alasiri upepo umeshaamka, hasa wakati wa kusi, bahari yote inachafuka. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, yanajaa kama saa nne asubuhi, upepo bado mdogo, ndani kumetulia. Ila povu linalofika hapo limechoka. Ubao mdogo halisukumi, mkubwa linausukuma taratibu mpaka kwenye mchanga. Ndiyo maana naushikilia huu ukubwa. Kwa ufukwe wetu hakuna ubao mwingine utakaokupa mawimbi ya kutosha kujifunzia.

Wa dukani ni ghali, najua, na uliotumika unapatikana kwa jirani zetu Paje, kwa wageni wanaorudi kwao. Sina ubaya na uliotumika, mradi usiununue kwa picha. Ushike. Uinue, kwanza: ukiwa mzito kuliko ulivyotarajia, umekunywa maji. Pita kidole gumba juu yake wote, hasa pale visigino vinapokanyaga; mahali panapobonyea na kurudi, ngozi imeachana na povu. Tazama chini, pale mapezi yanapoingia, ndipo nyufa zinapoanzia. Kisha usimamishe kwenye mwanga uangalie kama kuna mstari umekata ubao kutoka ubavu hadi ubavu. Huo umeshapindwa na wimbi ukakaribia kukatika, na rangi mpya juu yake haikusaidii kitu. Umanjano pekee usikutishe, hilo ni jua.

Na muulize muuzaji ndani yake kuna nini. Zipo mbao za faiba zenye lile povu jeupe jepesi wanalofungia friji na televisheni. Hizo hutengenezwa kwa rezini ya epoksi (rezini ni ile gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu). Rezini tunayopakia boti huku ni poliesta, nayo ikigusa povu hilo inalila. Kuna fundi mmoja aliletewa ubao wenye kitobo cha ukubwa wa shilingi, akamimina rezini ya boti, na kabla haijakauka lilikuwa shimo la kuingiza ngumi. Mwenye ubao alilia. Sasa kila anayeniletea nakwangua kidogo kwanza nione povu la namna gani, na kama hakuna epoksi nasema sina.

Kamba ya mguu usiiache ya zamani, hata muuzaji akikuapia. Nunua mpya, urefu wake sawa na ubao. Ikikatika mbali na ufuo, ubao ndio uliokuwa unakushikilia juu ya maji. Nta ya kupaka juu usiteleze chukua ile ngumu ya maji ya joto, hizi nyingine zinayeyuka huku. Jua nalo ni adui: ubao wa povu ukiachwa mchangani mchana, hewa ya ndani inatanuka, unavimba malengelenge. Nimekwisha kuutengea mahali kwenye banda la makuti, juu ya mirunda ya mashua. Hapo utakaa hata usipokuja miezi, maana futi 8 kuipandisha na kuiteremsha gari ya shamba kila safari ni ugomvi na utingo.

Mama yako ana lake. Anasema upite mbali na mwani. Tangu ulimaji ulipoanza hapa 1989 hakuna kina mama wanachokilinda kama zile kamba, na maji yakijaa hazionekani, wala vijiti zilikofungiwa. Pezi likinasa, umemharibia mtu kazi na umejitupa juu ya kijiti. Ukija nitakuonyesha mlia wa mchanga usio na shamba la mtu. Anasema pia uvae viatu vya mpira kwa ajili ya ile miiba myeusi ya chini ya maji, na hiyo nguo ya kuogelea ndefu uliyonunua ni nzuri, inazuia jua.

Kwa hiyo mjibu huyo bwana anayekuuzia kwa adabu kwamba ubao wake haukufai. Ukija wiki ijayo twende Paje tukodi mmoja wa futi 8 na mmoja wa futi 9, uvijaribu vyote viwili maji yanapojaa, ndipo tuongee bei na mtu. Nimetazama mwezi, Jumamosi ni maji mafu. Njoo Ijumaa jioni, gari ya mwisho ikikuacha nipigie mapema. Na ukipita sokoni Darajani nichukulie msasa namba 80 na namba 120, karatasi tano tano, wa huku wanauza uliolowa.

Baba yako