Mwanangu, kocha mkuu akiondoka wewe utabaki na nini?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeupata, na nimeusoma kwanza kwa furaha, kisha kwa wasiwasi ambao haujaniacha hadi leo. Unasema chuo kingine huko Marekani kimekupa nafasi ya ukocha msaidizi wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, kwamba utahamia huko kabla msimu haujafunguliwa Novemba, na kwamba kocha mkuu anayekuchukua amebakiza mwaka mmoja katika mkataba wake, baada ya misimu miwili ya kufungwa zaidi kuliko kushinda. Hilo la mwisho umelipitia kwa maneno machache, na mimi ndilo lililonishika.

Nijibu hili kabla ya yote: yule kocha mkuu akiondolewa mwezi wa Machi, msimu ukiisha, wewe utabaki na nini? Kwa muda wote uliokuwa huko nimeifuatilia kazi yenu, na ninachokiona ni kwamba kocha mkuu akifukuzwa, anayemrithi huja na watu wake, na wasaidizi wa zamani hufungasha virago hata kama hawakukosea lolote. Mwenzako Mmarekani akipatwa na hayo atarudi kwa wazazi wake Ohio au Texas, atulie hadi apate timu nyingine. Wewe uko kwa viza ya kazi ya H-1B, ambayo imefungamana na mwajiri wako, na ajira ikikoma unapewa siku zisizozidi 60 upate mwajiri mwingine wa kukuombea, ubadilishe aina ya viza, au uondoke nchini. Tena vyuo vikuu havimo katika bahati nasibu ya viza ya kila mwaka, kwa hiyo ukitaka kukimbilia kampuni ya kawaida itabidi uingie kwenye bahati nasibu hiyo kama mtu anayeanza upya. Siku 60, mama, na zote ziangukie katika majira yaleyale ambapo makocha waliofukuzwa nchi nzima wanagombea nafasi chache.

Najua utanitajia Dawn Staley, kama ulivyofanya ulipokuwa hapa mwezi wa Mei. Ni kweli kwamba alipoanza kuifundisha timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha South Carolina, msimu wa 2008/2009, alishinda michezo 10 na kupoteza 18, chuo kikamvumilia, naye akatwaa ubingwa wa taifa mwaka 2017, kisha 2022 na 2024. Ninamheshimu sana. Lakini Staley aliingia pale akiwa kocha mkuu, mkataba ukiwa kwa jina lake, na tayari alikuwa ameshinda medali tatu za dhahabu za Olimpiki akiwa mchezaji. Wala hapakuwa na ofisi ya uhamiaji iliyokuwa ikimhesabia siku. Uvumilivu unaousubiri wewe atapewa au atanyimwa mtu mwingine, na hatima yako itafuata yake.

Na uvumilivu wenyewe umepungua. Tangu mwaka 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, na tangu Julai 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza, kwa michezo yake yote. Kocha anayependa kumlea binti polepole, kama wewe, anaweza kumkuta ameshahamia kwa wenye fedha kabla hajakomaa. Tony Bennett, kocha aliyeipa timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Virginia ubingwa mwaka 2019, aliacha kazi Oktoba 2024, wiki chache kabla ya msimu kuanza, akisema hayuko tayari kuendelea katika mazingira hayo. Yeye alikuwa na kombe mkononi, na wewe ndiyo kwanza unaanza.

Usidhani ninaidharau kazi yako. Nilikuona hapa barazani usiku, kompyuta mapajani, ukiirudisha nyuma picha ileile mara kwa mara ili umwonyeshe mdogo wako kwamba yule binti anainua mguu wa egemeo, ule anaozungukia, kabla mpira haujatoka mkononi, jambo ambalo mimi nisingeliona hata kwa mchana kutwa. Nilijivuna, ingawa sikusema. Pat Summitt alipoanza kuifundisha timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974 alikuwa na umri wa miaka 22, akilipwa dola 250 kwa mwezi, akifua jezi za wachezaji na kuendesha gari la timu mwenyewe, naye akafika ushindi wa michezo 1,098 na ubingwa mara 8. Moyo wa namna hiyo unao. Ila nawe una tabia ya kupiga simu timu ikishinda tu, na kwenye matanga ya shangazi yako tulipata salamu zako kwa maandishi kwa sababu ulikuwa safarini kutafuta wachezaji. Ndugu wameliona. Na yale niliyoyasema mimi ulipoacha uhasibu, yaache yapite.

Sasa nakuomba umuulize mkuu wa michezo wa chuo, kwa maandishi, mkataba wako unadumu muda gani, utalipwa nini ukikatishwa, na kama chuo kitakuombea ukaazi wa kudumu na lini. Mtafute mwanasheria wa uhamiaji wako mwenyewe, kwa maana yule wa chuo anakilinda chuo. Ukiambiwa kwamba hayo yatazungumzwa baada ya msimu, elewa kwamba baada ya msimu ndipo zile siku 60 zinapoweza kuanza kuhesabiwa.

Fedha za mabati ya nyumba ya nyuma usitume. Machungwa ya Muheza yameuzwa vizuri mwaka huu, ada ya mdogo wako nimeilipa, na fundi amefunga turubai litakalotuvusha mvua za vuli. Ziweke benki huko huko, zifikie kodi ya nyumba ya miezi mitatu na nauli ya ndege, usiziguse. Nitumie nakala ya mkataba kabla hujatia saini; mjomba wako aliyekuwa karani wa mahakama amekubali kuja Ijumaa baada ya swala tuusome pamoja.

Mama yako,
Tanga