Malalamiko kuhusu mashine ya kusafisha maji ya kuoshea vioo

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MASHINE YA RO (YA KUCHUJA CHUMVI KWENYE MAJI) MLIYOTUFUNGIA MIKOCHENI

Nimewapigia simu mara tano, na mara zote tano nimeambiwa ninunue rezini nyingine, zile chembe zinazonasa chumvi ya mwisho kwenye maji. Sasa naandika, kwa sababu rezini siyo ugonjwa wa mashine hii.

Kazi yetu ni kuosha vioo vya maghorofa kwa brashi za mpini mrefu. Kijana anasimama chini, maji yanapanda hadi kwenye brashi, anasugua, anasuuza, anahamia dirisha linalofuata. Hakuna anayepita kufuta. Maji yakiwa na chumvi, jua likishayakausha chumvi hiyo inabaki kwenye kioo. Ndiyo maana tunahitaji kipimo cha TDS, yaani cha chumvi iliyoyeyuka majini, kisome 0, na niliwaeleza hivyo kabla sijalipa shilingi.

Fundi wenu hakupima maji ya kisima chetu. Aliuliza tuna simtanki ngapi, basi. Kisima kinasoma 1,100, na maji yake yanakataa povu la sabuni. Alifunga filta ya mashapo, ya kaboni, membreni, yaani utando unaozuia chumvi, na tangi la rezini. Wiki ya kwanza membreni ilitoa maji ya 34, rezini ikayamalizia hadi 0. Tulifurahi kweli.

Kabla ya kuondoka, fundi aliibana koki ya maji ya kumwaga, yale yanayobeba chumvi iliyozuiwa na membreni, akasema anatuokolea maji. Katika kila ndoo 4 zinazoingia, 3 zikawa zinatoka safi na 1 inamwagwa. Kwa maji magumu kama yetu, hapo ndipo mashine ilipouawa. Karibu chumvi na chokaa yote ya ndoo 4 inasongamana kwenye ndoo moja, na chokaa inaganda juu ya membreni. Nimepima maji yanayomwagwa: 3,860. Tulipoifungua membreni, tulikuta ukoko mweupe kama wa ndani ya birika. Hakuwahi kutushauri kuweka kifaa cha kulainisha maji, wala hakufunga geji ya presha ambayo ingetuonyesha mapema kwamba membreni inaziba.

Leo membreni inatoa 180. Rezini iliyodumu mwezi mzima sasa haifiki wiki. Kununua nyingine ni kumimina fedha kwenye pakacha.

Mwezi uliopita tuliosha jengo la ghorofa 7 pale Posta. Kesho yake vioo vyote vya upande wa mashariki vilikuwa na madoa meupe. Mteja akazuia malipo. Vijana wangu walirudi siku mbili kufuta kwa mkono, na posho yao nimeitoa mfukoni mwangu.

Kisha mkaniambia vijana hawajui kutumia mashine. Hilo limeniuma kuliko hasara. Wanapima maji kila asubuhi, kabla ya membreni, baada yake, na baada ya rezini, na wanaandika kwenye daftari. Nimeambatanisha nakala za kurasa zote. Mtaona namba za membreni zikipanda wiki kwa wiki, 34, 51, 88, na kuendelea. Nimeambatanisha pia picha za membreni na risiti.

Naomba mtubadilishie membreni bila malipo, mturudishie fedha za rezini mbili tulizonunua kwa ushauri wenu, mfunge geji na kifaa cha kulainisha maji, na mtupe kwa maandishi, kwa Kiswahili, ratiba ya kubadilisha filta na kusukutua membreni. Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Nikiyakosa, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Vijana wanaanza kazi saa 12 asubuhi. Fundi aje na kipimo chake, tupime pamoja.

Wako katika kazi,

Mmiliki, kampuni ya usafi wa vioo,
Mikocheni