Malalamiko: Ratiba ya Takwa isiyofuata maji

Kwa Meneja wa Safari,

KUH: SAFARI ZA MAGOFU YA TAKWA NA MAELEZO YA NGOME YA LAMU

Sisi ni manahodha na waongoza watalii wa Lamu tunaopokea wageni wenu. Kipeperushi chenu kinasema boti ya Takwa huondoka kila siku saa tatu asubuhi. Bahari haina ratiba hiyo.

Takwa, magofu ya mji wa kale wa Waswahili, iko kisiwa cha Manda, ndani ya mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko na karibu kukikata kisiwa vipande viwili. Hupitika maji yakijaa tu. Yakipwa hubaki tope na mizizi: rafadha (panga la injini) huchimba matope, chombo hulala upande, na mgeni hawezi kushuka akatembea. Hapo ni kungoja maji yarudi.

Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwetu hujaa mnamo saa kumi jioni na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Kwa hiyo mgeni wa saa tatu anapelekwa mikokoni wakati maji yanamalizikia kutoka, tena katika siku yanapokauka kuliko zote. Tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita tatu. Baada ya wiki moja, saa tatu ile ile inafaa kabisa, ila hayo ni maji mafu, hayapandi sana, basi msitulazimishe chombo kizito. Ndiyo maana mgeni mmoja huwasifu na mwingine hudai pesa zake.

Tutumieni tarehe kwanza, saa tutawapa sisi. Kawaida tunaingia maji yakiwa bado yanajaa, kama saa mbili kabla ya kufika juu, na kutoka mara yanapogeuka. Muda huo unatosha kuuona msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la mnara lililo nje ya ukuta wa mji, lenye tarehe ya miaka ya 1680. Picha yenu ya mgeni aliyeketi juu ya kaburi hilo iondoeni. Watu wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, bado huenda pale kuomba mvua.

Ngome ya Lamu nayo kipeperushi chenu kimewapa Wareno, eti ndio walioijenga. Wao walijenga Fort Jesus, Mombasa, kuanzia 1593. Ya Lamu ilianzwa baada ya vita vya Shela, mnamo 1813, ikamalizika 1821 kwa msaada wa Seyyid Said wa Oman. Wareno walikuwa wameshaondoka pwani hii zamani. Na hilo gari mnaloahidi la kuwapokea wageni uwanja wa ndege, sijui litapita wapi: uwanja uko Manda, watu huvuka kwa boti, na mizigo mjini ni ya hamali na punda.

Jambo la mwisho ni pesa. Mmetukata malipo ya safari zilizokwama, ilhali mafuta yalichomwa na saa mliipanga nyinyi. Tunataka malipo hayo yalipwe kamili na kipeperushi kisahihishwe kabla ya kundi lijalo. Hadi hapo, hakuna boti yetu itakayokwenda Takwa kwa saa ambayo nahodha hakuitaja.

Wenu,
Manahodha na waongoza watalii, Lamu