Betri mbili kwenye gari: soma mita asubuhi kabla hujawasha

Simu za saa kumi na mbili asubuhi hapa karakana tunazijua. Anayepiga ni dereva wa safari, yuko kambini, wageni wameshakunywa chai wanataka kuwahi simba, na gari limelia "tik" likanyamaza. Mmoja alinipigia akiwa Serengeti.

"Kaka, si ulisema hii gari ina betri mbili?"

"Ndiyo, mbili."

"Basi zote zimekufa."

Walisukumana mpaka likawaka. Aliporudi Arusha tukafungua boneti, na jibu lilikuwa juu juu tu. Kuna mahali njiani rilei ya kutenganisha betri (swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme) ilimsumbua, akapata msaada wa mtu aliyechukua kipande cha waya akaunga chanya kwa chanya, akafunga na gundi ya umeme, wakaendelea na safari. Tangu siku hiyo friji, redio koli na chaji za kamera zilikuwa zinanyonya betri zote mbili usiku kucha. Dereva hakuwa na namna ya kujua. Ile taa nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi kazi yake ni kukuambia altaneta, yaani jenereta ya gari, haichaji wakati injini inazunguka. Ukishazima injini, haina habari na kilichobaki ndani ya betri.

Mpangilio wa kawaida kwenye Land Cruiser za safari ni huu: betri ya kwanza ni ya selfu, yaani mota ya kuwashia injini, ya pili ni ya matumizi. Katikati kuna rilei inayosoma volti. Injini ikiwaka, altaneta inaanza na betri ya selfu. Volti zikifika kama 13.3 rilei inagonga "tak" na kuziunganisha ili ya pili nayo ichajiwe. Ukizima injini, volti zikishuka kufika kama 12.8 rilei inaachia, na kuanzia hapo friji inakula betri yake peke yake. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba unajiendesha. Ubaya wake ni huohuo: ukiharibika hauombi ruhusa.

Ndiyo maana gari lolote la betri mbili linalopita kwetu tunashauri lifungwe mita ya volti. Mita moja ndogo ya namba na swichi ya nafasi tatu inatosha: juu usome betri ya selfu, chini usome ya matumizi, katikati imezima. Hiyo nafasi ya katikati wengi wanaiona ya bure. Lakini gari likipaki mwezi mzima wakati wa masika hakuna wageni, mita inayokula miliampea 20 bila kuzimwa itakuwa imemaliza zaidi ya ampea-saa 14 (ampea-saa ni ampea moja ikivutwa saa moja). Chombo cha kulinda betri kinageuka kuwa mwizi wake.

Sasa, kusoma. Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya, hata wenye mita nzuri.

Ukiwa barabarani mita inaonyesha 14.1, unafurahi, unasema betri iko fiti. Hiyo si betri, ni altaneta. Kati ya 13.8 na 14.4 maana yake ni kwamba umeme unazalishwa, basi. Betri iliyochoka nayo itakuonyesha 14 mradi injini inazunguka. Ukifika kambini ukazima, mita itasema 13 na kitu. Hiyo nayo ni chaji ya juu juu, kama povu la soda, itakaa kidogo ishuke. Namba ya kuamini ni ya asubuhi, gari limelala, hujagusa ufunguo. Kwa betri ya kawaida ya maji, 12.6 au 12.7 imejaa. 12.4 imebaki kama robo tatu. 12.2 ni nusu, na kwa betri ya matumizi hapo ndipo tunapokuomba usivuke. 12.0 ni robo, na ikishuka kuelekea 11.8 umeshaiumiza. Pima friji ikiwa imetulia, maana kompresa, ile mota ya friji, ikianza kuzunguka namba inashuka hapohapo kisha inarudi ikizima.

Tofauti kati ya betri iliyojaa na iliyokwisha haifiki hata volti moja. Kwa hiyo mita inayokosea kwa 0.2 ni mita inayokudanganya robo ya betri. Za bei rahisi zinakosea hivyo mara nyingi. Sisi kila tunayofunga tunailinganisha kwanza na maltimita ya mezani. Nyingine zina skrubu ndogo nyuma ya kurekebishia, zisizorekebishika tunazirudisha dukani.

Fanya hesabu ya friji yako pia. Friji ya gari ya lita 40 inavuta kama ampea 4 kompresa ikizunguka. Tuseme inazunguka nusu ya muda: kwa saa 12 za usiku ni ampea-saa 24. Betri ya ampea-saa 100 ina 50 tu za kutumia bila kuiumiza. Usiku mmoja salama, wa pili uko ukingoni, na huo ni kama mchana ulizunguka vya kutosha kurudishia kile friji ilichokula mchana huo. Siku ya kukaa kambini bila kutembea ndiyo siku ya kuangalia mita.

Kuna tatizo jingine linalosingiziwa betri. Mteja analeta gari: friji inajizima usiku, amekwisha kununua betri mpya, bado inajizima. Tukapima kwenye vichwa vya betri, 12.3. Tukaenda buti nyuma, kwenye soketi ya friji, kompresa inazunguka: 11.4. Karibu volti nzima imepotelea njiani, kwenye waya mwembamba wa spika uliopitishwa chini ya kapeti na ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) iliyofungwa juu ya rangi. Friji nyingi zina ulinzi wa kujizima volti zikishuka, na friji inasoma volti zinazoifikia yenyewe, haijui kwamba betri huko mbele ina umeme. Tulipitisha waya mnene, fyuzi karibu na betri, ethi tukaikwangua mpaka bati. Betri yake ya zamani ilikuwa nzima, alishaiuza kama chakavu. Iliniuma kuliko yeye.

Kwa sababu hiyohiyo waya wa mita tunauchukua kwenye kichwa cha betri moja kwa moja, na fyuzi ndogo palepale. Ukiuchukua kwenye soketi ya sigara utakuwa unasoma soketi.

Wenye malori ya volti 24, kwenu ni tofauti kidogo. Betri zenu mbili zimefuatana, moja inabeba nyingine, na jumla inaficha mambo: 25 inaweza kuwa 12.9 na 12.1. Mita isome kila moja. Chanzo mara nyingi ni redio ya volti 12 iliyochomekwa kwenye betri moja. Hiyo inabaki na njaa, mwenzake anachajiwa kupita kiasi mpaka maji yanachemka na kukauka. Funga kipunguza volti, redio ichukue kutoka zote mbili.

Na waliohamia betri za lithiamu: mita ya volti haitawasaidia sana. Betri hizo zinakaa karibu na volti 13 kwa muda mrefu, kisha zinaporomoka ghafla. Zinahitaji kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Tunafunga pia, ila ni kazi ya siku nzima. Mita ya kawaida ni asubuhi moja.

Ukitaka tupime gari lako, usituletee saa tano ukitokea Karatu ukategemea jibu papo hapo. Tutakuwa tunasoma lile povu. Lilete jioni, tuachie funguo, tutapima alfajiri kabla hujafika. Friji usiizime, tunataka ifanye kazi usiku kama kambini. Ila usiache nyama ndani. Mara ya mwisho mlinzi wetu hakulala kwa ajili ya paka.